Walioondolewa Skuli ya Upeo

Kura ilipigwa hadharani, kwenye kiwanja cha skuli mpya, na nusu ya kijiji cha Uroa ilikuwepo kushuhudia. Majina ya watoto waliomaliza darasa la saba yalikunjwa yakatiwa ndani ya ndoo, na mgeni mmoja wa Kizungu, mwanamke mwenye kofia pana, akawa anatia mkono na kutoa moja moja. Ummkulthum Ame alikuwa amekaa mchangani, akisoma kimoyomoyo kila sura fupi ya Kurani aliyoihifadhi chuoni. Jina lake lilipotajwa hakuinuka. Mama yake, Bi Mwamvua, ndiye aliyemshika bega akamsukuma mbele.

Hayo yalikuwa mwaka 1994. Skuli ya Upeo haikuwa ya serikali, wala haikuwa ya kulipia kama zile zilizoanza kufunguliwa mjini. Taasisi moja ya ng'ambo iliijenga, ikaruhusiwa kuiendesha kwa taratibu zake yenyewe, na ikaahidi kwamba mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkulima wa mwani watasomeshwa bure mpaka wafike chuo kikuu na wapate kazi za maana. Uroa ilikuwa na skuli yake tangu zamani, lakini walimu hawakutosha, na watoto wengi waliishia kidato cha pili. Wavulana wakashuka baharini na wasichana wakaingia kwenye mwani pamoja na mama zao. Kwa hiyo siku ya kura ilikuwa kama siku ya sikukuu kwa waliotajwa, na kwa wasiotajwa ilikuwa kama msiba. Wako wazazi ambao hawakusemeshana mwezi mzima baada ya hapo.

Bi Mwamvua alipata mara mbili. Binti yake alichaguliwa, na yeye mwenyewe akaajiriwa jikoni kwa skuli kupika uji wa asubuhi na chakula cha mchana. Tangu mumewe alipofariki akamwachia Ummkulthum na wadogo zake, alikuwa anafunga mwani kila bamvua, maji yanapokupwa sana, akisimama saa nzima nzima majini huku amejiinamia, na kiuno kilikuwa kimeanza kumkataa. Kazi ya jikoni ilimtoa majini. Aliwaambia majirani kwamba Mungu amemkumbuka, na hakukuwa na mtu wa kumbishia.

Mwalimu mkuu alikuwa Samir Darwesh, mtu wa mjini, mzaliwa wa mtaa wa Malindi. Wazee wake walikuwa Waarabu waliomiliki mashamba, kisha yakataifishwa wasimiliki kitu. Yeye mwenyewe ujanani aliwahi kukosa nafasi ya sekondari, miaka ambayo nafasi haikwenda kwa akili ya mtoto peke yake bali na kwa asili yake, akaja kusoma ukubwani, ng'ambo, kwa taabu. Hilo aliwahadithia wanafunzi wake siku ya kwanza, amesimama mbele yao na shati jeupe lililopigwa pasi vizuri.

"Mimi najua mlango ukifungwa mbele ya uso wako unasikika vipi," aliwaambia. "Hapa hafungiwi mtu."

Ummkulthum aliyashika maneno yale. Alimpenda Mwalimu Samir kama wasichana wasio na baba wanavyompenda mtu mzima anayewajua kwa majina. Na Samir alikuwa mwalimu kweli. Alikuja mapema kuliko wote, alikwenda majumbani kwa wanafunzi waliokosa kuhudhuria, akakaa jamvini na wazazi akawabembeleza. Ndani ya geti la Upeo hakuruhusu Kiswahili. Aliwafundisha kumpa mgeni mkono na kumtazama usoni wakati wa kusema, jambo ambalo majumbani kwao walikatazwa tangu wadogo. Wageni walikuja mara kwa mara, na kila mgeni aliuliza lile lile, mtoto anataka kuwa nani. Mwanzoni watoto walijibu ovyo, mmoja akasema anataka kuwa dereva, mwengine akasema hajui. Samir hakulipenda hilo, akawagawia kazi za kutaja. Ummkulthum akapewa uhandisi. Borafya Nahodha, mtoto wa mjomba wake, akapewa urubani.

Borafya alikuwa hajawahi hata kuiona ndege kwa karibu. Lakini kadiri alivyorudia kuwaambia wageni kwamba atakuwa rubani ndivyo alivyoamini. Alianza kuuliza masuali ya upepo na uzito, akachora mbawa kwenye majalada ya madaftari yake. Nyumbani baba yake alimcheka, kisha akaacha kumcheka.

Miaka mitatu ilikwenda hivyo. Walipofika kidato cha nne, kundi la kwanza la Upeo, mambo yalibadilika. Taasisi ilikuwa imetangaza huko kwao kwamba skuli yake ya kisiwani itafaulisha kila mwanafunzi, na waliochangia walikuwa wanasubiri kuona. Samir alikonda. Akaanza kuzungumza habari za asilimia kila asubuhi kwenye mstari. Kisha ukafanywa mtihani wa majaribio, na wiki hiyo Ummkulthum alikuwa na homa ya malaria. Aliufanya hivyo hivyo, kichwa kinamvuma, na hesabu zikamshinda.

Baada ya wiki mbili wanafunzi tisa waliitwa chumba cha maktaba. Ummkulthum alikuwa mmoja wao, na Borafya pia. Samir hakukaa. Aliwaeleza kwa upole kwamba mwaka huu hawakuandikishwa kwa mtihani wa taifa, kwamba hawako tayari, na kwamba ni bora wapumzike mwaka mmoja nyumbani kuliko kuaibika. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue alisema nao Kiswahili ndani ya skuli.

Ummkulthum ndiye pekee aliyeuliza. "Mwakani tutarudi, Mwalimu?"

"Tutaangalia."

"Nilikuwa naumwa. Mama alikwambia nilikuwa naumwa."

"Najua ulikuwa unaumwa," Samir alisema, na macho yake yakawa kwenye rafu za vitabu. "Mtihani hauulizi hayo."

Walitoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu mbele palikuwa na wageni. Borafya alitembea moja kwa moja mpaka nyumbani. Ummkulthum hakwenda nyumbani, alikwenda jikoni kwa skuli akamkuta mama yake anachambua mchele, akamwambia. Bi Mwamvua aliacha kuchambua. Akamtaka binti yake aende nyumbani akalale, kisha akaurudia mchele wake.

Asubuhi ya pili yake Bi Mwamvua alivaa kanga zake akaenda kazini kama kawaida. Ummkulthum alimsimamisha mlangoni.

"Unakwenda kuwapikia?"

"Na wadogo zako wale nini, mwanangu?" mama yake alisema. "Niambie wewe uliyesoma."

Hawakuzungumza tena habari hiyo, siku ile wala miaka iliyofuata. Ummkulthum alijua mama yake hana makosa, na bado hakumsamehe.

Matokeo yalipotoka, Upeo ilikuwa imefaulisha wote. Wote waliofanya, lakini hilo la mwisho halikusemwa. Wageni walikuja na kamera, pakachinjwa ng'ombe, na pilau ya sherehe aliipika Bi Mwamvua. Mwaka uliofuata wale tisa hawakuitwa. Samir alipita njia nyengine alipowaona. Na kabla ya mtihani wa kundi la pili, wanafunzi kadhaa wa kundi hilo nao waliambiwa wapumzike.

Borafya hakutaka kurudia masomo popote. Ummkulthum alimfuata mara nyingi kumwambia kuna njia ya kufanya mtihani kwa kujitegemea, na yeye akamjibu kwamba ameshachoka kupimwa. Alibeba mizigo ya watalii kwenye hoteli moja ya pwani, akaambiwa hana cheti, akaondoka. Kisha akajiunga na watu waliokuwa wanazamia majongoo ya pwani, vidude laini vya chini ya bahari vinavyouzwa ng'ambo, kwa mitungi ya hewa. Hakuna aliyewafundisha kuzamia. Walionyeshwa namna ya kuuma mpira wa kuvutia pumzi, wakashushwa. Siku moja, mwaka 2000, alishuka chini sana na kupanda upesi sana. Walimtoa majini akilalamika maumivu ya viungo, na ilipofika jioni miguu ilikuwa haina nguvu. Alikaa hospitali wiki nyingi. Alirudishwa Uroa amebebwa, na hakusimama tena.

Wakati huo Ummkulthum alikuwa mjini. Alikuwa amepata hifadhi mtaa wa Kiponda kwa Bi Muzna Hamed, mwalimu wa hesabu aliyekuwa anaishi na mama yake mgonjwa kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye ngazi zilizooza. Walikubaliana kwamba Ummkulthum atamwangalia bibi mchana na Bi Muzna atamsomesha jioni. Bi Muzna hakuwa mwanamke wa maneno matamu. Alimkalisha mezani kila siku baada ya magharibi, akamtolea hesabu, akaziharibu kwa wino mwekundu, akamtolea nyengine. Mara moja tu alimuuliza habari za Upeo, na Ummkulthum alipomaliza kueleza, Bi Muzna alisema kwamba Samir Darwesh alikuwa jirani yao utotoni, na kwamba siku aliyokosa sekondari alilia barazani kwao mpaka akazuiliwa kwenda nyumbani katika hali ile. Akalivuta daftari. Kisha akamwambia arejee hesabu ya tatu.

Alifaulu mtihani, hesabu zikiwemo. Hakupata alama za uhandisi, na uhandisi wenyewe haukuwa wake, alipewa tu. Alikwenda chuo cha ualimu, na mwaka 2003 akapangiwa skuli ya serikali ya kijijini kwao. Alikuta wanafunzi wanakaa chini. Alikuta pia kwamba kila mwaka, ukikaribia wakati wa kuandikisha watahiniwa, wanaingia darasani kwake watoto waliovaa sare ya buluu ya Upeo, wametoa beji kifuani. Walikuja kimya, wakakaa nyuma. Aliwajua bila ya kuuliza. Wengine aliwavusha, na wengine walikaa miezi miwili wakapotea.

Mwaka 2005 Samir alimjia nyumbani. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani. Alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye kiti na Ummkulthum akakaa jamvini, maana bado alikuwa mwalimu wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alieleza kilichomleta. Upeo inatimiza miaka kumi na ushee, wafadhili wakubwa wanakuja wote kwa pamoja, na wanataka kusikia kutoka kwa wanafunzi wa zamani. Angependa Ummkulthum azungumze. Mtoto wa mkulima wa mwani ambaye leo ni mwalimu, tena amerudi kijijini kwake. Hakuna mfano mzuri kuliko huo.

Ummkulthum alimkumbusha kwamba Upeo haikumwandikisha.

"Msingi ulipata kwetu," Samir alisema.

"Nikija, nitasema yaliyonitokea."

Samir aliitazama kahawa aliyowekewa. Alisema kwamba skuli ina watoto mia tatu, kwamba wanaofaulu ni wengi, kwamba Pemba kuna daktari msaidizi mmoja aliyetoka Upeo, na kwamba bila ya wafadhili hakuna hata mmoja wao. Alisema yote hayo bila ya kupandisha sauti. Mwisho akasema, "Sema unavyoona, Ummkulthum. Mimi nitakutafsiria, ili uwe huru na lugha yako."

Siku ya sherehe palisimamishwa mahema. Sheha wa kijiji alikuwepo na wazee wote, na Bi Mwamvua alikuwa jikoni tangu alfajiri. Ummkulthum alipoitwa alisimama mbele ya wageni, na Samir akasimama ubavuni kwake. Alisema Kiswahili, taratibu, kituo kwa kituo. Alishukuru kwa miaka mitatu na nusu. Alisema skuli hii ilimfungua macho. Kisha akasema kwamba yeye na wenzake wanane waliondolewa kabla ya mtihani ili hesabu ya waliofaulu isipungue, na kwamba jambo hilo linafanywa mpaka leo, kila mwaka. Akasema mmoja wa wale tisa anaitwa Borafya Nahodha, alikuwa anataka kuwa rubani, na yuko nyumba ya tano kutoka hapa, hawezi kusimama.

Chini ya mahema watu wa Uroa waligeuka kumtazama Samir. Samir akaanza kutafsiri. Sauti yake ilikuwa ile ile nzuri aliyokuwa akiwasomea darasani. Aliwaambia wageni kwamba binti huyu anashukuru, kwamba njia ilikuwa ngumu na wenzake wengine hawakuweza kuimaliza, na kwamba yeye alijikaza mpaka akafika hapa wanapomwona. Wageni wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akafuta machozi.

Jina la Borafya halikutoka.

Ummkulthum aliwahi kusema baadaye kwamba laiti Samir angelitaja lile jina, hata kwa kulipamba, yeye angelikwenda kukaa. Hakukaa. Alisubiri makofi yaishe, akawageukia wageni, akawatazama usoni kama alivyofundishwa, akawaambia kwa Kiingereza kwamba mwalimu hakuyasema aliyoyasema yeye. Akayarudia yote, tangu mwanzo. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Samir aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, na hakumkatiza hata mara moja. Hakuna aliyepiga makofi mara ya pili. Kikundi cha wanafunzi kilichokuwa kimepangwa kusoma kasida kilisimama, hakijui kama kianze.

Jioni ile ile alikwenda kwa Borafya. Alidhani habari itakuwa imeshamfikia, na ilikuwa imemfikia. Borafya alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba uani, ameelekea ukuta.

"Nani alikwambia unitaje?" alimuuliza.

Ummkulthum alisema alitaka watu wajue.

"Walikuja hapa. Wazungu wawili na huyo sheha wenu. Wamenipiga picha miguu." Hakugeuka. "Mimi nilikuwa nshasahauliwa, Ummkulthum. Nilikuwa nshazoea."

Alikaa pale mpaka akatoka mama yake Borafya akamwambia kwa heshima kwamba mgonjwa anataka kulala. Alirudi tena siku nyengine, na nyengine tena, akaambiwa vile vile. Borafya alifariki mwaka uliofuata kwa vidonda vya mgongoni, na wao wawili hawakuwa wamezungumza tena.

Wafadhili walifanya uchunguzi. Iligundulika kwamba mambo ni kama alivyosema. Samir aliandika kujiuzulu kabla ya kuambiwa, akarudi mjini. Ummkulthum alitarajia kwamba ataletwa mwalimu mkuu mwengine na watoto waachwe wafanye mtihani, wa kufaulu wafaulu na wa kufeli wafeli. Badala yake taasisi ilitangaza kwamba imepoteza imani na itapeleka nguvu zake nchi nyengine. Mwaka 2007 Upeo ilifungwa. Majengo yalikodishwa kwa hoteli, ikayafanya mabweni ya wafanyakazi wake, wengi wao watu wa kutoka nje ya kisiwa.

Kijijini hapakuwa na aliyemtukana. Walimjibu salamu kwa ufupi. Harusi zilipita bila ya yeye kualikwa, na kwenye kisima wanawake waliacha mazungumzo alipofika. Mzee Msabah, ambaye mjukuu wake alikuwa kidato cha tatu Upeo na akiongoza darasa, alimsimamisha njiani siku moja akamuuliza kwa upole kabisa kama sasa moyo wake umetulia. Ummkulthum akashika njia yake.

Alikutana na Samir mara moja, mjini Darajani, mbele ya duka la vitabu. Samir sasa alikuwa anasomesha watoto wa matajiri majumbani kwao. Alimwamkia, naye akaitikia, wakasimama hapo watu wakiwapita.

"Nilikuwa nawaokoa wengi," Samir alisema, kama kwamba mazungumzo yao hayajawahi kukatika.

"Ulisema hafungiwi mtu, Mwalimu."

"Nilisema." Akatikisa kichwa kidogo. "Na wewe je, umemfungulia nani?"

Aliondoka bila ya kuaga, akashika njia ya Malindi. Ummkulthum alibaki pale mpaka mwenye duka akamuuliza kama anataka kununua kitu.

Bi Mwamvua alirudi kwenye mwani akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya sitini. Ummkulthum alimsihi asifanye, akamwambia wadogo wameshajitegemea na mshahara wa mwalimu unawatosha wawili. Mama yake alijibu kwamba hajazoea kukaa bure. Siku za bamvua, skuli ikifungwa, binti hushuka naye akambebea magunia, na wanarudi pamoja, mmoja mbele na mwengine nyuma, bila ya mazungumzo mengi.

Watoto wa Upeo walihamia wote skuli ya serikali. Darasa la Ummkulthum lilifika watoto mia moja na zaidi, wengine wakasikilizia dirishani. Wale wa Upeo walikaa pamoja, wakiongea Kiingereza baina yao, na kwa muda mrefu waliamini kwamba skuli yao itafunguliwa tena. Siku moja, katikati ya somo la hesabu, msichana mmoja aliinua mkono. Alikuwa mjukuu wa Mzee Msabah.

"Mwalimu, ni kweli wewe ndiye uliyeifunga skuli yetu?"

Hata wa dirishani wakasogeza vichwa.

"Mimi nilisema yaliyotokea," Ummkulthum alijibu.

Msichana alibaki amesimama, akisubiri kama kuna jengine. Ummkulthum naye alisimama na chaki mkononi, akitafuta kama kuna jengine. Kisha akamwambia akae, akageukia ubao.